Shamba la Chini ya Mwamba

Deo mwanangu,

Nimeiweka barua hii chini kabisa ya begi lako, chini ya shuka na sabuni, kwa sababu nakujua. Ukiiona mapema utaifungua hapa nyumbani, nami sitaki uisome ukiwa hapa. Natumaini utaikuta Tabora. Kama utaisoma njiani, basi iwe baada ya Biharamulo, mahali ambapo huwezi tena kumwambia dereva akushushe urudi.

Mambo ya kula na kuvaa sikuandikii. Umekuwa mtu mzima, na nimeyasema mpaka umechoka kuyasikia. Juzi uliniuliza, "Mama, mbona siku hizi unaniangalia tu?" Nilikuwa na la kusema. Nalisema leo, wakati wewe umeshuka Rulenge kuagana na rafiki zako, na babu yako anaota jua uani akisubiri uji wangu.

Ni habari ya shamba la chini ya mwamba, lile unalotaka kupanda parachichi.

Mlima wetu unaitwa Rutare kwa sababu ya ule mwamba mkubwa ulio juu ya chemchemi. Umekua ukisikia harusini jinsi mababu wa babu yako walivyofika hapa na ng'ombe wao wenye pembe ndefu, wakawakuta watu wengine wamelima huku juu, wakawasukuma mpaka kule bondeni kwenye tope na mbu. Wazee wakifika hapo hucheka, nawe ulikuwa unacheka nao. Mimi nilipokuwa mke mgeni katika ukoo huu nilimwuliza mama mkwe wangu wale waliosukumwa waliitwaje. Akanijibu bila kuacha kumenya ndizi, "Waliitwa waliopita."

Huo ndio mlima wako. Ni mzuri, sikatai. Asubuhi ukungu wa Ruvubu ukijaa bondeni tunaona vilele tu, vyetu na vya Burundi, na mtu hawezi kujua mto unapita wapi. Lakini huku juu ni baridi, udongo wenye rutuba ni kidogo, na kila boma lina wana wengi. Watu wa hapa husali sana. Husalimiana vizuri, huchimbiana makaburi, hubebana kwa machela hadi hospitali. Ukikaa nao maisha yote unaweza usijue wanachoweza kufanya, mpaka kipatikane kitu cha kugawana.

Mama yangu, bibi yako Spesioza, alivuka mto ule akiwa msichana, mwaka wa mauaji kule ng'ambo. Alivuka na mdogo wake mgongoni. Walipofika upande huu mtoto alikuwa amekwisha kufa, naye hakuwa amejua. Aliyempokea ni baba yake babu yako Leonsi. Hilo nalisema kwa kuwa ni kweli. Alimpa mahali pa kulala na chakula, naye akawalimia. Leonsi alikuwa kijana wa rika lake. Walilima mstari mmoja, walikula chungu kimoja.

Alipoolewa na baba yangu, ambaye naye alikuwa mtu wa kuvuka, walionyeshwa mahali pa kujenga: chini ya mwamba, mteremko wa mawe ambao hata mbuzi waliukwepa. Watu walisema, "Warundi wapeni mawe."

Nimezaliwa hapo, Deo. Kitu cha kwanza ninachokumbuka duniani ni sauti ya jiwe likigonga jiwe. Baba na mama waliyang'oa moja moja kwa mtaimbo, wakayapanga kukata mteremko ili mvua isiondoe udongo. Zile kuta ulizokuwa unarukia ukichunga mbuzi, ukazisifu kwamba mababu zako walikuwa na akili, ni kazi ya mikono yao. Walibeba samadi kwa vikapu kutoka maboma ya watu. Walipanda migomba, wakapanda kahawa. Baba yangu alifia humo humo, jembe likiwa mkononi, na mama akaendelea na kaka yangu Nestori. Nilipokuwa msichana kiangazi kikali kilikuja, migomba ya mlima mzima ikaanguka, yetu ikasimama kwa sababu chemchemi ilipita chini yake. Watu walikuja kuomba ndizi. Mama aliwapa, akafurahi kuwapa. Alidhani anajenga ujirani. Kumbe alikuwa anawaonyesha shamba.

Baba yako Filbert aliponichumbia, babu yako hakupinga. Aliwaambia wageni siku ya posa, "Damu ya ng'ambo inajua kulima." Wakacheka, nami nikatabasamu nikadhani nimesifiwa. Mengi niliyokosea maishani nilikosea namna hiyo, kwa kutabasamu.

Ulikuwa na miaka kama mitano ulipokuja msako wa wahamiaji. Makambi ya wakimbizi yalikuwa yamefungwa zamani, vilima vya kule vikabaki vipara kwa kukatwa kuni. Wale waliokuwa wakiwauzia wakimbizi ndizi na pombe hadi wakaezeka bati ndio walikuwa wa kwanza kusema wakimbizi wametuharibia nchi. Maofisa walikuja na lori. Walikuwa wageni, hawakumjua mtu, kwa hiyo walihitaji kuonyeshwa. Tuliitwa uwanja wa shule, tukapangwa mstari. Babu yako alikuwa mwenyekiti wa kitongoji.

Ofisa mmoja kijana akamwambia kwa heshima, "Shikamoo mzee. Tusaidie. Tuonyeshe nani wenu na nani si wenu."

Babu yako akaanza kupita na fimbo yake. "Huyu?" "Wetu." "Huyu?" "Wetu." Alipofika kwa mama yangu alisimama. Mama akamwambia, "Leonsi, umeamkaje?" Alimwita kwa jina, kama alivyomwita tangu walipokuwa vijana.

"Huyu ni wa ng'ambo," babu yako akasema. "Na yule kijana wake pale."

Ofisa akamwuliza mama, "Una karatasi yoyote?"

"Nina kadi ya kupigia kura. Iko nyumbani, nifuateni mkaione."

"Kadi hizo wanazipata kwa uongo," babu yako akasema.

Mama hakubishana. Alimwambia ofisa, "Nimeacha maharage motoni. Niruhusu nikaipue, nitarudi."

Yule kijana alikuwa tayari kumruhusu, nilimwona usoni. Akamwangalia babu yako. Babu yako akatikisa kichwa, "Atakimbilia mtoni."

Kisha akafika kwangu, nimekushika mkono. Ofisa akauliza, "Na huyu?" Babu yako hakunijibia haraka. Alinitazama vile mtu anavyomtazama ng'ombe mnadani, halafu akasema, "Huyu ni mke wa mwanangu. Huyu nimemlipia."

Baba yako alikuwa nyuma yangu. Hakusema neno.

Walipopandishwa kwenye lori, mama alinitafuta kwa macho mpaka akaniona. Nilitegemea aniage, au alie, au amlaani mtu. Alisema, "Anastazia, kaipue maharage." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kinywani mwake.

Nilikuchukua tukapanda kwenda kule. Chungu kilikuwa kimekwisha kuipuliwa. Majirani walikuwa wamekaa uani kwa mama yangu wanakula. Mama Konsolata, ambaye mama yangu alimsimamia ubatizo wa watoto wake, akasogea kwenye mkeka akaniambia, "Karibu, mwanangu. Yasiharibike." Akakupakulia kwenye jani la mgomba. Ukala, ukaomba mengine, akakuongeza. Mimi nami nilikula. Nilikula kwa sababu walikuwa wananitazama, na nilijua wanaangalia nini.

Kabla ya mvua kurudi, mbuzi wa babu yako walikuwa wanalala nyumbani kwa mama yangu. Baadaye nyumba ikabomolewa. Ule mlango wa ghala, uliouchora gari kwa mkaa ukiwa mdogo hadi babu yako akacheka machozi, ni mlango wa Spesioza. Baba yako aliambiwa alime shamba, akalima. Nilimwona mara nyingi akilia katikati ya migomba ile, akijifuta kwa kiganja chenye udongo. Lakini alilima. Wakisema pombe ndiyo iliyomuua, usibishane nao, ila ujue alianza kunywa lini.

Mama walimvusha mpaka upande wa pili. Kule alitafuta mlima wake wa kuzaliwa, akakuta umegawanywa kwa watu wasiomjua. Walimwita Mtanzania. Walimwambia arudi kwao. Padri mmoja aliwapa yeye na Nestori banda nyuma ya kanisa. Haya niliyasikia kwa mfanyabiashara wa mihogo anayevuka na baiskeli. Alinieleza kwamba mama alikuwa akiamka asubuhi anaokota mawe uani mwa kanisa, anayapanga mstari, na watoto wa pale wanayatawanya, naye anaanza upya. Alikufa msimu uliofuata. Nilipata habari amekwisha kuzikwa. Sikuvaa nguo ya msiba. Nilimpelekea babu yako chakula chake, akaniambia leo chumvi imezidi.

Sasa nakuja kwenye mambo yangu mwenyewe.

Nilifikiri nikiwa mkamwana mwema kuliko wote, mlima huu utanisahau nimetoka wapi, na wewe utakaa salama. Niliamka kabla ya wote. Niliimba kanisani. Nilikutuma kwa babu yako kila jioni, nikafurahi alipokupenda, kwa maana anakupenda, Deo, hilo usilitilie shaka. Alikubeba mabegani kuvuka mito ya mvua. Alikufundisha kuchunga, kukata migomba, kusoma mawingu. Ulipofaulu alilia mbele ya watu. Siku nyingine zote babu yako si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha kuliko kama angekuwa mbaya.

Wakati mmoja, ukiwa darasa la kwanza, ulitamka neno moja kama alivyokuwa akilitamka mama yangu, kwa ile sauti ya ng'ambo. Sijui lilibakia wapi kichwani mwako. Nilikupiga mpaka ukajikojolea. Hukuelewa kwa nini, ukaniomba msamaha. Sikukueleza. Hukulisema tena hivyo, wala hukuniuliza tena habari za bibi. Nilihesabu hiyo kuwa kazi nzuri. Leo ukiniuliza nimekupokonya nini, nitaanzia hapo, kabla ya shamba.

Baba yako alipokufa, ukoo ulikaa ukasema naweza kubaki, kwa ajili yako. Nikabaki. Miguu ya babu yako ilipokufa ganzi, binti zake mwenyewe walileta udhuru, mmoja mmoja, na kazi ikawa yetu, wewe kumwogesha, mimi kumpikia. Miaka hii yote nimemsalimu, "Shikamoo baba," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kabla ya kwaresima iliyopita, siku uliyokwenda Ngara mjini kufuata vyeti, nilimpelekea uji, nikakaa. Sikuwa nimepanga. Nilimwuliza, "Baba, kwa nini ulimwonyesha mama yangu?"

Nilitegemea akane, au aseme ni amri ya serikali. Alikunywa kwanza. Kisha akaniambia, "Kwa sababu shamba lilikuwa zuri."

Akaongeza, "Na wewe nilikuacha. Ningeweza kukuonyesha na wewe. Hujawahi kunishukuru."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayedai haki yake iliyosahauliwa. Nikachukua kikombe nikaenda kukiosha.

Ukarudi na vyeti vyako, na baada ya muda ikaja habari ya upimaji, kwamba mashamba yote ya Rutare yataandikwa na kila mwenye shamba atapewa hati. Babu yako akakuambia mbele yangu kwamba lile la chini ya mwamba litaandikwa jina lako. Ulicheka, ukanishika mabega, ukasema, "Mama, nitapanda parachichi pale. Nikimaliza chuo nakujengea nyumba ya matofali karibu na chemchemi, hutabeba maji tena." Unajenga nyumba yangu mahali nilipozaliwa, na hujui. Nilitabasamu tena.

Wapimaji walifika siku ile uliyokuwa Rulenge kununua begi. Ndiyo maana huna habari, na watu wote wamekubaliana usiwe nayo mpaka uondoke. Mlima mzima umekunyamazia wiki hii. Unaona jinsi wanavyojua kunyamaza.

Walipita shamba kwa shamba na kamati ya kijiji, majirani wakionyesha mipaka. Babu yako alibebwa kwenye kiti mpaka chini ya mwamba. Msichana aliyekuwa akiandika akauliza, "Eneo hili ni la nani?" Babu yako akasema, "La mjukuu wangu, Deogratias Filbert." Majirani wakaitikia ndiyo. Msichana akauliza, kama alivyouliza kila mahali, "Kuna mwenye pingamizi?"

Nikasema, "Mimi."

Wakadhani sikusikia swali vizuri. Mwenyekiti wa sasa akaniambia kwa upole, "Mama Deo, anaandikiwa mwanao."

"Nimesikia," nikasema. "Shamba hili ni la mama yangu, Spesioza. Aliyang'oa mawe haya na baba yangu. Mimi nimezaliwa pale penye mgomba ule. Mzee Leonsi alimwonyesha kwa watu wa lori ili alichukue, na ameniambia mwenyewe."

Msichana aliinua macho akauliza, "Kuna anayeshuhudia maneno haya?"

Walikuwepo watu wengi, Deo. Waliokula ndizi zetu wakati wa kiangazi walikuwepo. Mama Konsolata alikuwepo, karibu nami hivi kwamba nilisikia pumzi yake. Niliwatazama usoni mmoja baada ya mwingine. Mama Konsolata akasema taratibu, "Mwanangu, mbona unamharibia mtoto?" Hakuna mwingine aliyefungua mdomo.

Babu yako ndiye aliyejibu mwishoni. "Mwandikeni," akasema. "Amesema kweli. Halafu arudishwe kwa mama yake."

Shamba limeandikwa kuwa lina mgogoro. Halitakuwa lako, wala langu, mpaka baraza liamue, na baraza ni watu hao hao na binamu zao. Nestori naye ana haki humo, kama bado yu hai na akitaka. Huenda ukazeeka halijaamuliwa. Mbuzi watakula kahawa, kuta zitabomoka. Nilijua hivyo kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa na mwana mmoja mwenye kipande kimoja cha ardhi nzuri kinachomngoja, nikakiondoa mkononi mwake bila kumwuliza. Ningeweza kungoja urudi jioni. Sikungoja kwa sababu ungeniomba ninyamaze, nami ningenyamaza.

Unakwenda kusomea kupima ardhi. Utasimama kwenye mashamba ya watu na vyombo vyako, mzee mwenye heshima atakuonyesha mpaka ulipo, na majirani wataitikia ndiyo. Sikwambii ufanye nini. Nakwambia tu kwamba siku ile, katika umati ule, msichana wa kuandika peke yake ndiye aliyengoja nimalize sentensi yangu.

Ukoo umekaa. Wameamua nitoke, na nimepewa muda mpaka wewe uondoke, ili usiondoke na aibu. Kwa hiyo kesho itakwenda kama ulivyozoea. Nitakupikia. Babu yako atakuwekea mkono kichwani akubariki, na baraka yake ni ya kweli, ipokee. Nitakusindikiza hadi barabarani, nitapunga mkono kama mama yeyote. Gari likishapinda kona sitapanda mlima tena. Vitu vyangu vimekwisha kushushwa. Kesho kutwa babu yako ataamka ataitisha uji, na sijui nani atamletea. Nimejaribu kumwonea huruma kwa hilo. Sijaweza.

Likizo usipande Rutare kunitafuta. Sitakuwepo, na nyumba tuliyokulelea itakuwa imepewa mtoto wa baba yako mkubwa. Kama una hasira, na nadhani utakuwa nayo kwa muda mrefu, usiiandike kwenye simu. Njoo uniambie usoni, hata kama ni kuniambia kwamba hutakuja tena. Nimepanga chumba Rulenge, nyuma ya soko, upande wa wauza mkaa. Usiulize kwa Mama Deo, wala kwa mkamwana wa Mzee Leonsi, kwa sababu hapo hakuna anayemjua mtu huyo. Uliza kwa Anastazia wa Spesioza.

Mama yako